Laini ya Pili

Kila Jumatano, saa kumi na mbili na robo,
mimi ndiye ninayepokea simu kabla hazijafika hewani.
Kinondoni, ghorofa ya tatu. Kiyoyozi kinadondosha maji
kwenye ndoo ya rangi iliyokwisha rangi.
Laini nne, taa nne, maswali matatu:
Jina lako nani?
Unapiga kutoka wapi?
Unataka kusema nini?
Kisha nasema, subiri.

Leo mada ni wale wa mpakani.
Familia mia mbili na kitu, tangu Jumapili,
wamekaa kwenye nyasi ng'ambo ya kizuizi.
Sefania kaisoma habari kwa sauti yake ya matangani,
akauliza mji mzima: tuwafungulie, au tusiwafungulie?
akaweka tangazo la sabuni.

Mji ukajibu.

Tungaraza, Tabata Dampo:
kwanza watoto wetu wapate madawati.
Bi Mwanakombo, Temeke:
Mungu hakuchora mstari pale, tumeuchora sisi.
Sefania akamtega: una chumba, bibi?
Akacheka mpaka akakohoa.
Chumba ninacho, mwanangu, kina mpangaji,
mwezi wa nne huu hajalipa.

Mzee Mkambala wa Mbagala haongei, hutunga:
*Nyumba yetu ina nyufa, mgeni alale wapi?
Na sisi tunayo sifa, ila sifa hailipi.*
Hapo hata fundi mitambo aligonga meza.

Kisha dereva wa lori, hakutaka jina,
yuko Ubungo anasubiri mzigo.
Nimepita pale mara thelathini, akasema.
Hicho kizuizi mnachokitaja ni bomba la maji,
limepakwa nyekundu na nyeupe,
ncha moja imefungiwa jiwe.
Mtoto wa darasa la tatu angelinyanyua.
Sefania: kwa hiyo unawatetea?
Simtetei mtu. Naeleza bomba.

Laini ya pili ikawaka.
Upepo kwanza. Halafu mtu anahema.
Jina lako nani?
Mama Wilondja.
Unapiga kutoka wapi?
Hapa.
Hapa wapi, mama?
Hapa kwenye munazungumuzia.

Nilishika kalamu, sikuandika.

Redio ni ya askari, akasema, ameiweka ku dirisha.
Tunabasikia bote.
Unataka kusema nini?
Akanyamaza. Nikafikiri salio limekwisha.
Ule mutu wa bomba, alisema kweli.
Lakini jana baliongeza jiwe ya pili.

Nikamwinulia Sefania vidole viwili kwenye kioo.
Akabonyeza kitufe: nani?
Nikamwambia. Akasikiliza kidogo kwenye spika.
Kiswahili gani hicho? Watu hawatamwelewa.
Na dakika zimebaki mbili, moja ni ya sabuni.

Kiswahili gani.
Kile bibi yangu alichokolezea maharage,
kile mama alichotukataza kuvuka nacho kizingiti
asubuhi, sare zimepigwa pasi,
kila mtu na jina lake la shuleni.

Nikarudi kwenye laini.
Subiri kidogo, mama.
Akasema, ndiyo.
Kisha, taratibu, kama anayeshika kitambaa kati ya vidole:
Na weye, dada, uko wa wapi?

Kinondoni, nikasema.

Sefania akasoma hesabu.
Waliotaka kizuizi kifunguliwe, kumi na saba.
Waliokataa, ishirini na sita.
Mmoja, akacheka, alipiga kuelezea bomba.
Akawashukuru wote kwa mjadala wa kistaarabu,
akamkabidhi kiti kijana wa mpira.

Laini ya kwanza, giza. Ya tatu, giza, na ya nne.
Nimeshavaa viatu. Maji ndoo yamefika ukingoni,
ni zamu yangu kumwaga.
Ya pili bado inawaka.
Nikiweka sikio namsikia kijana wa mpira mara mbili:
mara moja hapa, nyuma ya kioo,
na mara moja kule, kwenye dirisha la askari,
amechelewa pumzi moja,
na chini yake mtoto anauliza kitu,
na mama yake anamjibu,
*subiri.*