Tazama Pia

Saa kumi jioni, Tartu, Januari, na giza limeshaingia
kama mpangaji mwenye ufunguo wake.
Maarika Lepasaar anakuja mezani kwangu, buti zinadondosha theluji,
kompyuta kaibeba wazi kwa mikono miwili
kama sinia la chai.

"Nimepata elfu kumi na moja," ananiambia,
"kwa theluthi ya sekunde."
Umesoma ngapi?
Anacheka. Mbili. Zilizobaki zimefungwa.

Anatafiti kinamasi: maji yalisimama kimo gani
kabla watu hawajachimba mitaro.
Ananionyesha muhtasari wa mistari sita,
kisha mlango, na mlangoni bei:
euro thelathini na nane, kusoma siku moja.
Nauli ya kwenda kwao Võru na kurudi, mara mbili.

Usilipe, nikamwambia. Chuo kimeshalipa.
Fungua mipangilio, andika jina la maktaba yetu,
tia alama kwenye kile kisanduku kidogo, hifadhi.
Akarudi kwenye orodha yake ileile,
na pembeni ya makala, moja baada ya nyingine,
kikaota kiungo cha samawati: *ipo maktabani.*
Akanyamaza. "Miaka mitatu," akasema,
"miaka mitatu nawaandikia watu barua za kuomba."

Ningeishia hapo ningeonekana mganga.
Lakini chini kabisa lilibaki jina lisilo na makala:
H. Toomsalu, vipimo vya maji, 1938.
Limenukuliwa mara moja. Kiungo hakuna.
Katalogi yetu nayo, ile ya kompyuta, ikajibu hakuna.
Mashine mbili zikikubaliana, ni rahisi kwenda nyumbani.

Tulishuka kwenye makabati ya kadi
ambayo kila mkurugenzi mpya huahidi kuyaondoa.
Droo ya T hukwama; uiinue kwanza, ndipo uvute.
Kadi ilikuwepo, wino umefifia.
Makala moja tu. Na chini yake, kwa penseli,
mwandiko wa mtu nisiyemjua:
*tazama pia Thomson.*

Miaka ile wengi hapa walibadili majina.
Hilja alilivua lile la kigeni kama koti,
na vipimo vyake vya miaka tisa
vikasahaulika mfukoni mwa koti.

Kila Alhamisi, fimbo ya mbetula, sentimita.
Kila Alhamisi, ila ukurasa mmoja:
"Machi 12, 1931. Sikwenda. Mama anaumwa."
Maarika aliusoma amesimama.

Juu tena, akaandika Thomson kwenye kitafutio,
na sasa kikatuonyesha waliomsoma:
Mfini mmoja, Mpolandi mmoja wa mwaka sabini na nne,
mwanamke wa Minsk aliyempinga kwa kurasa kumi.
Hao nisingewajua kamwe,
hata ningelala ndani ya zile droo.

Karibu na kufunga aliniuliza
amtaje vipi mtu mwenye majina mawili.
Yote mawili, nikasema.
Na ile Alhamisi, kwenye jedwali, aweke nini?
Nikafikiri kidogo, taa za ghorofa ya pili zikizimika.
Acha wazi, nikamwambia,
halafu chini ya jedwali, kwa herufi ndogo,
andika kwamba mama yake alikuwa anaumwa.