Mwisho Wallahi

Faili la kwanza nililiita lebo.
La pili, lebo mpya.
La tatu, mwisho. La nne, mwisho kabisa.
La saba, usiku, umeme ukikonyeza,
nikaliita mwisho wallahi,
na hilo nalo likarudishwa.

Kazi ilikuwa ya Khatibu Mkasha, mpika halua wa Wete,
mabega mapana kwa kusukuma mwiko,
maneno machache: "Mtu aione, mate yamdondoke."
Basi nikampa lozi, nikampa iliki,
nikampa mwezi na nyota, na utepe wa dhahabu,
na herufi za aina tano, kila moja na kivuli chake,
kama maharusi watano katika chumba kimoja.
Akaitazama. Akaigeuza. Akaiweka juu ya mizani.
"Mwanangu," akasema, "hii lebo imeshiba.
Halua yangu ataila nani?"

Mwalimu Shaame hakucheka,
au alicheka akageukia dirishani.
Futa, akaniambia. Nikafuta nyota.
Futa. Nikafuta utepe, na moyo ukauma,
siku mbili nzima nilikuwa nikiukunja ule utepe.
Futa.
Nikabaki na jina, na rangi ya sukari inayokaribia kuungua,
na weupe mwingi pembeni, weupe ulionitia haya
kama kwenda kwa watu mikono mitupu.
"Kwani wewe hukusoma chuoni?" akauliza.
"Hukufundishwa pa kuvuta na pa kusimama?
Anayesoma bila kusimama
anajisomea mwenyewe."

Nilidhani nimeelewa.

Kazi ya pili, kibao cha kituo cha afya.
Neno WAZAZI kushoto, nene, halina kivuli,
mshale kulia, weupe wa kutosha. Nikajipongeza.
Nikakichapa kwenye karatasi, nikakipeleka nyumbani Limbani.
Mama hazijui herufi za skuli.
Anazijua za chuoni; juzuu thelathini
kazipita mara nyingi kuliko nilivyopita mimi barabara ya sokoni.
Akaishika karatasi, na jicho lake likaanza kulia.
Si machozi. Upande wa kulia,
pale kila ukurasa wa maisha yake ulipoanzia.
Akaukuta mshale kabla ya neno, akaufuata,
mshale ukamtoa nje ya karatasi.
"Huu unanipeleka wapi?" akauliza. "Jikoni?"

Nilifundishwa kuwa jicho huanzia juu kushoto,
likatelemka kama maji kwenye paa.
Niliiandika sheria hiyo kwa wino mwekundu.
Haikuandikwa ni jicho la nani.

Nikachora mwanamke, mkono kiunoni, tumbo mbele.
Mama akamtazama kwa muda, chai ikapoa.
"Anakwenda, au anatoka?"
Anakwenda, mama.
"Basi mbona miguu imesimama?"
Nikaipa miguu mwendo. Kisigino kimoja tu nilikiinua,
kidogo, upana wa ukucha,
na mlango mzima ukafunguka.

Kibao kimetundikwa sasa. Sikusaini.
Jumatatu nilikwenda nikajikalisha kwenye benchi la wagonjwa
kama mtu mwenye homa.
Akaja mmoja, kitenge kimefungwa juu ya tumbo,
dada yake nyuma kabeba beseni.
Hakusimama. Hakukisoma.
Aliinua macho mara moja, akakata kona, akaingia.
Hata kusema "kibao kizuri" hakusema,
wala sijapata sifa kubwa kama ile,
nikatamani kumkimbilia Mwalimu Shaame nimweleze
kwamba hakuna aliyekiona.

Simu ikalia mfukoni. Khatibu Mkasha.
Lebo kaipenda, watoto wake wameipenda,
hata mkewe, ambaye hapendi kitu.
Ila kabadilisha namba ya simu,
na yale mambo ya nyota, kama yapo bado,
moja tu,
ndogo,
pembeni, pale palipo patupu?

Nikafungua kompyuta.
Mwisho wallahi, ya pili.