Jioni Mahesabu

Biashara asubuhi, jioni mahesabu.
Lakini hapa Tartu, mwezi wa Desemba,
jioni huingia saa tisa na nusu
kabla chai ya mchana haijapoa,
basi nimeanza mahesabu mapema.

Duka langu halina mlango.
Lina picha elfu sita za vipuri vya cherehani kuukuu:
bobini, mikanda ya ngozi, skrubu zisizotengenezwa tena,
na mteja yeyote, awe Lima au Osaka,
huingia bila kukung'uta theluji viatuni.
Lina faida. Nasema bila aibu:
lilimsomesha Triinu, likaezeka paa.

Hapo ndipo mhasibu aliponishika.
"Paa," akasema, "si la duka. Wala chakula cha mbwa."
Miaka mitatu tukaichambua, risiti kwa risiti,
kama mchele wenye mawe,
ya nyumbani huku, ya kazi kule,
na katikati kikabaki kirundo kisicho na kwao:
mikanda ninayompelekea bure kila mwaka
Bibi Concetta wa Palermo,
kwa kuwa wiki ya kwanza, tulipopata oda nne,
tatu zilikuwa zake.
"Hii tuiite nini?"
Tukaiita matangazo.

Mnunuzi ni kijana wa Gothenburg, Melker,
ana adabu, na ana maswali tisini na manne.
La thelathini na saba lilininyima usingizi:
Biashara inamtegemea mmiliki kwa kiasi gani?
Kizuri chajiuza, sawa,
ila kwanza watu wanataka kukiona kikipumua
wewe ukiwa haupo.

Kwa hiyo namwandikia Aivo, mfungashaji, kitabu cha maelekezo.
Namna ya kujibu malalamiko. Namna ya kumtambua mwizi wa kadi.
Ukurasa wa kumi na moja nikakwama.
Mteja akisema mashine inalia kama paka aliyekanyagwa mkia,
hiyo ni kiu ya mafuta;
akisema inakohoa kama babu yake, mkanda umelegea.
Nimejuaje? Nikaandika, nikafuta, mara tano.
Mwishowe nikaandika: Omba video.

Kisha manenosiri.
Yote kumi na saba yalikuwa jina la Hillar
na mwaka aliponiletea cherehani ya kwanza, mbovu,
kaiokota jalalani, akisema itafaa kwa vipuri.
Nimeyabadilisha usiku mmoja,
herufi zisizotamkika, tarakimu, alama za mshangao.
Una uhakika? ikaniuliza kompyuta.
Mara kumi na saba.

Wakili akanishauri: jaribu kutokuwepo.
Nikaenda Otepää juma zima, simu nimeiacha kwa Triinu,
nikakaa dirishani kutazama wageni
wakiteremka kilima, wakianguka, wakicheka.
Nikarudi. Oda mia mbili na kumi na mbili,
zote zimeondoka kwa wakati.
Hakuna aliyeniulizia, hata Bibi Concetta.
Kwa hilo, Melker akaongeza dau.
Sijui kama nilifurahi.
Nilikunywa supu nimesimama.

Juzi, kwa jina la kubuni na anwani ya jirani,
niliagiza sindano kumi dukani kwangu.
Nikalipa kila senti, na nauli ya posta.
Leo zimefika. Ndani kuna kile kikaratasi
nilichokiandika kwa mkono tangu kifurushi cha kwanza,
isipokuwa mwandiko sasa ni wa Aivo, umelalia kushoto:
Gurudumu lizungushe kuelekea kwako.
Usilirudishe nyuma kamwe, uzi utakatika.

Mkataba uko mezani, chini ya sindano.
Saa tisa na nusu.
Nawasha taa.