Karboni

Miaka kumi na tisa, stendi ya Moshi,
nimekandamiza kalamu mpaka nakala ya tatu isomeke.
Kidole changu cha kati kina bluu
isiyosikia sabuni.

Mashine waliyoleta yatosha kiganjani.
Inauliza jina, simu, kiti.
Haiulizi mbona mtu anakwenda Dar bila begi.

Mzee Ndesario Kiwelu hakuenea ndani yake:
NDESARIO KIW, ikakata hapo,
kikaratasi chembamba, maandishi yanayokufa juani.
«Huyu Kiw,» akaniuliza, «ni mtoto wa nani?»

Siilaumu. Kiti cha kumi na nne hakiuzwi tena mara mbili,
na tajiri, amekaa zake Kariakoo,
anahesabu abiria kabla basi halijafika Himo.
Hata mimi sipekuliwi tena mifuko kila jioni.

Ila Januari pili, watu wanarudi mijini na ndizi zao,
mtandao ukakata.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Foleni ikafika kwa muuza soksi.

Nikavuta droo, nikapuliza vumbi,
nikalaza karboni katikati ya kurasa.

«Jina?»

Mzee akavua kofia, kama zamani.
Nikaliandika lote.