Safu ya Nne

Tuliugawa msitu kwa kamba ya katani,
miraba sitini na miwili kutoka Isecheno hadi mto Yala,
nikakabidhiwa daftari, kalamu ya risasi na safu nne:
jina la kitaalamu, jina la wenyeji, mahali, idadi.
Mimi ndiye karani. Msitu haukuarifiwa.

Siku ya kwanza Lung'aho wa konokono alipiga magoti
tangu saa moja hadi adhuhuri
penye gogo moja lililooza.
Vijana wa ndege, walioshamaliza vilima viwili, wakamcheka.
Jioni yeye ana aina kumi na tisa ndani ya viberiti,
wao wana ubishi: yule alikuwa shorwe, hakuwa shorwe.

Usiku tukatundika shuka jeupe mbele ya taa.
Nondo wakaja kama wadai siku ya mshahara.
Niliandika hadi kidole kikafa ganzi.

Lakini mwenye majina ni Mama Khasandi,
mwokota kuni wa Shinyalu.
Hukwaruza gome kwa ukucha, hunusa, hutema mate:
"Mwiritsa. Kiulize kibofu cha mume wangu.
Huu mutere. Ule pale usiuguse, una wenyewe."
Nilipofika safu ya nne akanishika mkono.
"Kwani mama yako alikuhesabu?
Sisi watoto tunawaita wakale,
asiyeitika ndiye tunayemfuata.
Na miti hii walikuja kuihesabu nikiwa msichana,
wakaipaka nambari nyeupe tumboni.
Haukwisha mwezi, tukasikia msumeno."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu.
Nikasema: safari hii tunaandika
ili anayekuja na msumeno aonyeshwe kilichokuwapo.
Akanitazama kama anayepima unga
kwa kopo la mwuzaji asiyemwamini.
"Basi andika wapo."
Nikaandika: wapo. Mbega, wapo. Kumbikumbi, wapo.
Kurasa kumi na moja za wapo;
Daktari Imbuhila atanila nyama.

Ikabaki mraba wa hamsini na nane.
Kamera tuliyofunga kwenye shina ilitupa
nungunungu, paa, nungunungu yuleyule,
na mvulana aliyebeba gunia la makaa, macho yaking'aa.
Chui hakuna.
Ilhali safu ya pili ilikuwa imejaa majina yake:
la mchana, la usiku, la kumtishia mtoto,
na moja ambalo Mama Khasandi alilinong'ona tu,
nikaliandika kwa kubahatisha.

Akasimama ukingoni mwa bonde,
akaweka kuni chini, akaliita hilo jina.
Mara moja. Si kwa nguvu.
Hata Lung'aho aliinua kichwa.
Tukasubiri.
Upande wa Nandi mvua ikaanza kutembea juu ya majani.

Niliiacha safu ya nne wazi,
sikutia sifuri,
nikalifunga daftari ndani ya mfuko wa unga.