Nenda Mvua Ikipiga

Usiende kuiona nyumba saa nne ya asubuhi, Kakule,
komisyoneri amechana nywele
na jua limeyasugua manjanja mpaka yanang'aa.
Saa hiyo kila nyumba ya Goma ni bibi harusi.
Nenda mvua ikipiga. Kaa sebuleni, nyamaza,
hesabu sufuria ngapi mwenyewe anazitandaza chini.
Sufuria hazijajifunza kusema uongo.

Kama ni upande wa Keshero, rudi tena alfajiri,
hasa pale kiwanja kinapozama kama sahani.
Waulize majirani, si habari ya bei.
Uliza kama kuna mbuzi aliyelala pale asiamke,
kama kuku walishakufa bila jeraha.
Mazuku hayanuki, hayapigi hodi.
Yanalala chini, kimo cha godoro,
na mtoto wako atalala chini kuliko wewe.
Hapo hata wakikupa bure, shukuru, ondoka.

Piga sakafu kwa kisigino. Uliza choo kinashuka mpaka wapi.
Mimi nilimlipa Bashige wiki sita za nyundo na tindo
kwa shimo lisilofika kiunoni;
lava ilikuwa inamcheka.
Uliza na maji: bidoni ngapi kwa siku, kutoka wapi,
juu ya kichwa cha nani.

Karatasi.
Fishi ya shefu wa avenyu si cheti cha kadasta.
Nenda ofisini mwenyewe, namba ya kiwanja iwe mkononi mwako,
si ndani ya simu ya komisyoneri.
Baba mwenye nyumba alikufa? Waitwe watoto wote,
yule wa Butembo, yule wa Kampala,
na yule wa mama mwingine ambaye hawamtaji.
Huyo wasiyemtaja ndiye atakayebisha mlango
siku unayomaliza kupaka rangi.

Usilipe usiku. Usilipe gari likinguruma nje.
Wakisema kesho anakuja mwingine na pesa taslimu,
mwache aje.

Haya nayaandika nimeketi juu ya ndoo ya chokaa.
Unajua nauza, hapa Katoyi.
Vitu vimetoka; msumari wa saa umebaki ukutani
na kila nikipita naangalia saa ngapi.
Chokaa niliinunua Jumatatu, pamoja na brashi,
kwa sababu ya ule ufa.
Unaukumbuka: mlima ulipotema, halafu ardhi
ikatetemeka siku baada ya siku,
ukuta ukafunguka toka dirishani mpaka chini.
Niliujaza simenti. Ukarudi.
Nikauwekea kalenda ya parokia.

Wanunuzi ni vijana wawili, Nsimire na mume wake, fundi cherehani.
Walikuja saa nne ya asubuhi.
Manjanja yalinisaidia, kusema kweli.
Mume alikuwa anapima vyumba kwa hatua zake,
mke akasimama mbele ya kalenda.
Akauliza, kwa adabu kabisa,
"Mama, hii ni ya mwaka gani?"

Mkono wangu wenyewe ukaitoa.

Tukatazama watu watatu, kimya.
Fundi akaingiza kidole, akakitoa,
akakipangusa kwenye suruali.
Nikawaambia yote: tarehe, simenti, jinsi ulivyorudi.
Nikawaonyesha pia kona ya jikoni, ambayo hawakuuliza.
Wakapunguza dola mia nane.
Usiku nilizihesabu hizo mia nane ambazo sitaziona,
nikakumbuka karo, nikajitukana kidogo.

Juzi mvua ilipiga kweli kweli. Hodi:
ni wao, wamelowa, hawakuniambia kama wanakuja.
Wakaketi sebuleni, juu ya mkeka, wakanyamaza.
Nikatandaza sufuria.
Mbili tu, Kakule. Mbili!
Nsimire alihesabu kwa macho, nikamwona.

Ndoo haijafunguliwa.
Ukipata yako nitakutumia,
lakini usipake kitu
mpaka uwe umelala humo msimu mzima wa mvua.