Sana

Mundhir wa mapokezi hakuinua macho.
"Kam sana?" aliuliza, kidole juu ya kibonye,
na bibi yangu, Bi Zuwena binti Khalfan,
aliyeingia Ibra na sanduku la bati na kichwa cha cherehani,
akajibu kwa Kiswahili, maana Kiarabu chake
kilikwisha anza kumtoka, neno baada ya neno,
kama shanga za uzi uliokatika:
"Sana, baba. Hasa usiku. Hasa hapa."
Akashika nyonga.

Mundhir alitaka miaka. Alipewa maumivu.

Nikatoa kitambulisho. Kilisema mosi Januari,
kama vinavyosema vya wenzake karibu wote,
utadhani mama zao waliwekeana ahadi
kujifungua alfajiri moja.
Nikamsomea tarakimu. Akaandika.

Usiku wa pili nesi wa zamu, Luzviminda,
alimgeuza bibi ubavu, taratibu,
kama mtu ageuzaye chapati asiitoboe,
akanong'ona nyuma ya barakoa: "Sana."
Nikadhani ameokota neno letu. Wengi huokota:
pole, njoo, haya.
"Sana nini?" nikamuuliza.
Akacheka. La, hili ni la kwao, Batangas.
Halisimami peke yake; nyuma yake
huja jambo ambalo bado halijawa.
Laiti alale. Laiti inyeshe.
"Sana makauwi," akasema,
na maana ya hilo sikuhitaji kutafsiriwa:
alikuwa akitazama simu iliyochajiwa dirishani,
na kwenye kioo chake mtoto mwenye pengo.

Herufi nne. Nikaziandika nyuma ya risiti ya maegesho.
Mwaka. Mno. Laiti.
Nikaongeza sanamaki, yale majani
aliyotuchemshia kila Ramadhani ikiisha,
tukapigania mlango wa choo binamu sita.
Nikaongeza na babu yake bibi, mhunzi,
ambaye kwake kusana ni kufua chuma,
nyundo, makaa, maji yanayochemka ghafla.
Hazina undugu hizi. Najua.
Ni wapangaji wa chumba kimoja, kila mmoja na ufunguo wake,
wakipishana mlangoni bila salamu.
Lakini nilitaka ziwe ndugu.
Saa tisa usiku, kwenye kiti cha plastiki, mtu hutaka mengi.

Kitandani waliendelea, bila mimi:
"Sana," asema bibi.
"Sana," ajibu Luzviminda, akivuta shuka.
Mmoja akikiri, mwingine akiomba,
na dawa ikishuka tone, tone.
Walielewana kunishinda mimi niliyeshika kalamu.

Siku ya tano tukaruhusiwa. Mundhir akagonga mhuri,
akamuuliza nesi, kwa kupitisha wakati tu,
mkataba wake unaisha lini.
"Baqi sana," akamjibu, kwa Kiarabu cha kuungaunga.
Umebaki mwaka.
Alilitamka upesi, kama mtu anayepita
mbele ya nyumba aliyowahi kuishi.

Ndipo bibi, kwenye kiti cha magurudumu,
aligeuka akamshika mkono, na glavu yake:
"Asante sana, mwanangu."

Sijui nani alipokea nini.
Mundhir alitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake.
Luzviminda hakuutoa mkono.
Alisimama hivyo, kichwa kimeinama,
kama mtu anayeombewa dua
na hataki kusema amina mapema.

Nje jua lilikuwa limekwisha panda juu ya maegesho.
Garini bibi akauliza tumekaa kwa wale watu muda gani.
"Siku tano."
Akafunga mkanda, akafumba macho.
"Sana," akasema.
Nikawasha gari. Sikumuuliza kwa lugha gani.